Mtoto hana kesi ya ardhi

Kila mtu wa mjini anaijua PF3. Hata kama hujawahi kuishika, umewahi kusikia kisa chake. Majeruhi kaletwa hospitali na bodaboda, damu zinamtoka, na mtu wa mapokezi anaulizia karatasi ya polisi. Ndugu wanatimua mbio kituoni, kumbe askari wa zamu katoka kula, na muhuri umefungiwa kabatini... Hadithi hizi mnazijua wenyewe. Na mnajua kila mmoja wetu husemaje akizisikia: mtibuni kwanza jamani, hiyo karatasi itakuja baadaye!

Ishikeni kauli hiyo, maana leo naitumia kuzungumzia watoto wa Ngorongoro. Najua wapo walioanza kupiga miayo. Ngorongoro tena? Ndiyo, tena. Ila leo sizungumzii faru wala idadi ya ng'ombe, hayo yameandikwa mpaka wino ukaisha. Nazungumzia chanjo, dawati na choo cha shule.

Kwanza twende Kanada kidogo, halafu tutarudi nyumbani.

Mwaka 1999 alizaliwa huko, jimbo la Manitoba, mtoto mmoja wa jamii ya Wacree kutoka Norway House. Jina lake Jordan River Anderson. Alizaliwa na maradhi mazito, akakaa hospitalini Winnipeg. Alipofika miaka 2 madaktari wakasema sasa anaweza kutoka, akahudumiwe kwenye makazi ya familia. Hapo ndipo ngoma ilipoanza. Serikali kuu ya Kanada ikasema gharama za matunzo ya nyumbani ni za jimbo. Jimbo likasema huyu ni mtoto wa watu wa asili, na watu wa asili wako chini ya serikali kuu. Wakavutana. Kama angekuwa mtoto wa mzungu wa Winnipeg mvutano huo usingekuwepo, jimbo lingelipa na mtoto angeondoka. Jordan alibaki kitandani akingoja wakubwa wamalize hesabu. Hawakumaliza. Alifariki Februari 2005, akiwa na miaka 5, bila kulala hata usiku mmoja kwenye nyumba ya familia.

Desemba 2007 Bunge la Kanada likapitisha kwa kauli moja azimio lenye jina lake. Maana yake ukiliweka kwa Kiswahili cha Kariakoo: ofisi ya kwanza kufikiwa na mtoto ndiyo itoe huduma na kulipa, kisha ofisi zikagombane zenyewe nani amrudishie nani pesa yake.

Usidhani mambo yalinyooka pale pale. Azimio lilikaa kwenye makaratasi miaka mingi, serikali ikilitafsiri kwa ufinyu kiasi kwamba karibu hakuna mtoto aliyefaidika nalo. Mpaka Januari 2016, baraza linalosikiliza mashauri ya haki za binadamu kule likaamua kwamba serikali ilikuwa inawabagua watoto hawa. Mwaka 2017 likaongeza kitu ambacho mimi nakiona ndiyo moyo wa jambo lote: likaweka muda. Ombi la dharura la mtoto mmoja lijibiwe ndani ya saa 12, lisilo la dharura ndani ya saa 48. (Saa 12 za kuhesabu, siyo saa kumi na mbili jioni ofisi zikiwa zimefungwa.) Na bado, mwaka 2024 baraza lilikuwa linaisukuma serikali hiyo hiyo kupunguza mlundikano wa maombi. Mwaka 2023 mahakama iliidhinisha fidia ya dola bilioni 23.3 za Kanada kwa watoto na familia zilizoumizwa na mfumo ule. Kuchelewa kuna bei, na wenzetu wamepelekewa ankara.

Haya, turudi nyumbani.

Nikitoka kazini usiku huwa nakatisha viwanja vya Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo kutafuta usafiri. Kwenye baraza za maduka walinzi wengi ni Wamasai. Tunawaita "yero" bila kuwauliza majina, tunawanunulia kahawa, tunawaachia duka lenye mali ya mamilioni, na hapo ndipo ufahamu wetu juu yao unapoishia. Mmoja, mtu wa makamo, anatokea tarafa ya Ngorongoro. Nikipita namwamkia, ananiita mwandishi, tunaongea mawili matatu. Siku moja nikamuuliza habari za kuhamia Msomera. Nilitegemea atanipa hotuba. Hakunipa. Alinisimulia habari za ndege.

Ilikuwa ndege ndogo ya Flying Medical Service, shirika la Arusha lililorusha ndege za tiba kwa karibu miaka 40 kwenye maeneo ya wafugaji ambako gari haliendi. Mhudumu anashuka na sanduku la chanjo, mizani inatundikwa mtini, kina mama wanajipanga na watoto. Wajawazito wanapimwa. Mgonjwa aliyezidiwa anapakiwa, anapelekwa hospitali. Mzee huyu alisema kina mama walizijua siku za ndege kama sisi tunavyojua tarehe ya mshahara. Mwaka 2022 safari hizo zilisimamishwa na mamlaka.

Kisha akasema: "Sisi na serikali tukigombana, ni ugomvi wa wakubwa. Mtoto yeye kagombana na nani?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kwa wale ambao Ngorongoro wanaijua kwa picha za kreta tu, niweke mambo mawili sawa. Ngorongoro siyo hifadhi ya taifa kama Serengeti. Ni eneo lililotengwa mwaka 1959 kwa sheria iliyokubali watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja, na baadhi ya wakazi wake ni Wamasai waliotolewa Serengeti wakati ule ule. Mwaka 1959 walikuwa kama watu 8,000. Leo wanazidi 100,000, na serikali inasema eneo limeelemewa. Juni 2022 ikaanza kuhamishia familia kijiji cha Msomera, wilaya ya Handeni, ikisema wanahama kwa hiari. Loliondo na zile kilomita za mraba 1,500 ni habari nyingine, ingawa ni wilaya hiyo hiyo. Magazeti mengi yalizichanganya.

Sasa tazama nani anasimamia mtoto wa tarafa ya Ngorongoro. Shule yake ya msingi iko chini ya halmashauri ya wilaya, na halmashauri iko TAMISEMI. Ardhi ambayo shule imesimama iko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na hiyo iko Wizara ya Maliasili na Utalii. Mwalimu mkuu akitaka kujenga tundu la choo, pesa inatoka upande mmoja na kibali cha kuingiza saruji kinatoka upande mwingine. Hospitali ya Endulen, ambayo wakazi wameitegemea kwa miongo, ni ya Kanisa Katoliki, lakini inahitaji serikali ili ifanye kazi kama hospitali. Huyu ni Jordan mtupu! Tofauti ni kwamba kule walivutana nani alipe. Kwetu kuna wakati pesa ilishalipwa, ikarudishwa.

Naam, ilirudishwa. Mnakumbuka fedha za UVIKO-19? Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa IMF wa kama shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikaenda kwenye madarasa 15,000 nchi nzima. Kati ya hayo, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Kwa mtu wa Ilala neno hilo ni geni. Shule shikizi ni madarasa mawili matatu yanayojengwa karibu na vitongoji vya mbali ili mtoto wa miaka 6 asitembee kilomita kumi kufika shule mama. Yaani ni kitu kilichobuniwa mahsusi kwa watoto kama hawa. Basi, Machi 2022 zikasambaa barua za ofisi ya halmashauri ya Ngorongoro zikielekeza fedha za UVIKO-19 zilizokwisha kupelekwa kwenye shule za tarafa ya Ngorongoro zihamishiwe Handeni. Familia ya kwanza ilikuwa haijapanda lori kwenda Msomera. Ilipanda Juni. Pesa ya madarasa ilitangulia.

Hapa ndipo ninapoishiwa uvumilivu na neno "hiari". Sisi wapangaji wa mjini tunamjua mwenye nyumba anayetaka vyumba vyake. Hakufukuzi. Anakata umeme, anasema fundi atakuja. Choo kikijaa hakitapishwi. Siku nyingine anang'oa mlango kwenda kuutengeneza, haurudi. Ukiondoka anawaambia majirani, mbona kaondoka mwenyewe kwa hiari yake! Julai 2024 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti likisema huduma za afya na elimu ndani ya Ngorongoro zimepunguzwa tangu 2022 ili kuwasukuma watu. Serikali imekana mara nyingi kwamba inamlazimisha mtu yeyote. Mimi siwezi kuingia kwenye kichwa cha ofisa nikajua alikuwa anawaza nini alipotia saini. Na kwa hoja yangu ya leo wala sihitaji kujua. Iwe alitaka kuwasukuma wahame, iwe alikuwa anapanga bajeti kwa nia njema kabisa, mtoto aliyebaki Endulen alibaki na darasa lile lile bovu.

Kuna jambo jingine ambalo halikupata nafasi kubwa magazetini. Tarehe 2 Agosti 2024 likatoka Tangazo la Serikali namba 673, likafuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Ngorongoro. Kelele nyingi zilikuwa juu ya uandikishaji wa wapiga kura, na ni haki yao kupiga kelele. Maelfu waliziba barabara ya watalii mwezi huo huo, na tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo lile. Lakini fikiria kidogo kwa jicho la mtoto. Hapa mjini hupati kitu bila barua ya serikali ya mtaa. Kitambulisho, barua. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa nyumbani, barua. Kijijini ni mtendaji wa kijiji anayeandika. Sasa kijiji kikifutwa kwa tangazo, nani anaandika barua? Mtoto yupo, mama yupo, mbuzi wapo, ila kwenye karatasi hakuna mahali walipo. Ilibaki wiki tatu tu kabla ya mahakama kuingilia, lakini ilitosha kuonyesha jinsi huduma ya mtoto inavyoning'inia kwenye kalamu ya mtu aliye Dodoma.

Nawasikia wasomaji wangu wengine: "Lakini Msomera kuna shule, kuna zahanati, kuna nyumba za bure. Wahame tu." Nimeisikia hoja hii vijiweni, nimeisikia chumba cha habari, nimeisikia kwa watu niliosoma nao Mlimani. Siibezi. Huduma karibu na watu wengi ni rahisi kuliko huduma kwa boma moja moja porini, hilo ni kweli. Lakini aliyeamua kubaki au kuhama ni baba yake. Sheria ya Mtoto namba 21 ya mwaka 2009 haisemi mtoto atapata matibabu na elimu endapo baba yake atakubaliana na mpango wa serikali. Inampa mtoto haki, inakataza kumbagua, na inataka maslahi yake yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Tangu Januari 2016 tunajisifu elimu ya msingi na sekondari haina ada. Sera ya Afya inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bure. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa Ngorongoro".

Wengine watanijia na hoja ya neno. Tanzania hatuna "wazawa" na "wasio wazawa", sote ni wenyeji, kwa hiyo mambo ya Kanada hayatuhusu. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, Septemba 2007, lakini nyumbani serikali hailitumii neno hilo kwa Wamasai, Wahadzabe au kabila lolote. Sawa, liacheni. Sigombanii neno. Kama sote ni wenyeji, basi mtoto wa Nayobi apate anachopata mtoto wa Gerezani. Mtoto wa Gerezani akichemka homa usiku mama yake anatembea kwa miguu mpaka Hospitali ya Mnazi Mmoja, na ikishindikana anapewa rufaa ya Amana au Muhimbili. Hakuna anayemuuliza kwanza kama mgogoro wa kiwanja cha babu yake umeisha. Na viwanja vya Kariakoo vina migogoro, tusidanganyane!

Wala tusiende mbali kutafuta hukumu. Jirani zetu Kenya walishafikishwa mbele ya Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto kwa ajili ya watoto wa Kinubi, wale wa Kibera. Babu zao waliletwa na jeshi la Mwingereza, na vizazi vyao vikabaki vikitazamwa kama wageni. Ardhi ya Kibera ilikuwa na mgogoro, uraia wao ukawa na mgogoro, na kwa sababu hiyo shule na zahanati zikawa haba. Machi 2011 Kamati ikaamua kwamba Kenya imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Mtoto, siyo kwenye uraia peke yake, bali pia kwenye afya na elimu. Hatimiliki ya ardhi, ekari 288, Wanubi waliikabidhiwa mwaka 2017. Mtoto aliyezaliwa 2011 alikuwa na miaka 6. Ndiyo maana nasema kesi ya ardhi na kesi ya mtoto zitenganishwe. Ardhi ina subira. Tanzania nayo imeridhia mkataba huo huo.

Na wala siyo Ngorongoro peke yake. Nenda bonde la Yaeda, kando ya Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Kule mtoto akitaka kusoma mara nyingi ni lazima akae bweni, mbali na wazazi ambao maisha yao ni kuhama wakifuata chakula. Bweni likikosa chakula mtoto anarudi porini, na sisi mjini tunaandika kwamba Wahadzabe hawapendi shule. Hilo nitaliandikia siku yake.

Serikali ilichofanya nakisema pia. Agosti 2024, baada ya maandamano, Waziri William Lukuvi alitumwa na Rais Samia kwenda kuwaambia wananchi kwamba huduma za jamii zirejeshwe. Desemba Mosi mwaka huo Rais mwenyewe akakutana na viongozi wa Kimasai Arusha, na Februari 2025 akazindua tume mbili, moja ya mgogoro wa ardhi na nyingine ya zoezi la kuhama. Vizuri. Lakini agizo la waziri kwenye mkutano wa hadhara tunalijua linavyoishi. Linapigiwa makofi, halafu ofisa wa chini anasubiri waraka. Waraka unasubiri bajeti. Na kurejesha huduma ina maana kulikuwa na kitu kilichoondolewa, jambo ambalo hadi siku ile tulikuwa tunaambiwa halikutokea.

Ninachotaka mimi ni kidogo na kinaandikika kwenye ukurasa mmoja. TAMISEMI, Maliasili na Afya wakae wasaini kwamba huduma ya mtoto haitasimamishwa kwa sababu ya mgogoro wowote wa ardhi, mipaka au uhamisho, uwe Ngorongoro au pengine popote. Kibali cha saruji ya choo cha shule kisipojibiwa ndani ya siku kadhaa, kihesabiwe kimetolewa. Ofisi ya kwanza kupokea shida ya mtoto ndiyo ibebe gharama, kisha ikaidai ofisi nyingine. Na jina la ofisa mwenye dhamana, na namba yake ya simu, vibandikwe kwenye ukuta wa kila zahanati na kila shule ya tarafa ile, kwa Kiswahili na kwa Kimaa. Bila jina na bila saa tutakuwa tumeandika azimio zuri kama lile la Kanada la 2007, na mnajua lilivyokaa miaka mingi kabla ya kuanza kufanya kazi.

Kama kuna msomaji anayefanya kazi kwenye wizara hizo tatu, aniambie kwa nini hili haliwezekani. Nauliza kwa dhati, nitaandika jibu lake.

Ila ajibu mapema. Mtoto aliyezaliwa Ngorongoro Machi 2022, mwezi wa zile barua, alipaswa kuchanjwa akiwa na wiki 6, tena wiki ya 10, tena wiki ya 14. Surua miezi 9, halafu miezi 18. Tume zilipozinduliwa alikuwa anakaribia miaka 3, na tarehe zote hizo zilikuwa zimeshapita.

Alamsiki.